Mlipuko Ukibisha Hodi na Wewe ni Bonge

Mimi ni bonge, na kazi yangu ni uuguzi wa utafiti. Nakaa na watu, nawasomea fomu ya ridhaa, nawapima, nawatoa damu, kisha nawafuatilia kwa simu mpaka wengine wakiona namba yangu wanapokea na kusema, "Dada, mzima, leo sijakohoa." Haya ninayoandika nimeyaona nikiwa nyuma ya meza na nikiwa kwenye kiti cha mgonjwa. Nawalenga mabonge wenzangu, pamoja na yeyote mwenye mama, mjomba au shangazi mwenye mwili. Mwili mkubwa una mahitaji yake ugonjwa unapolipuka, na usipoyadai mwenyewe, kwenye msongamano ule hakuna atakayeyakumbuka.

Huku kwetu uzito ni salamu. Ukiongezeka unaambiwa umenawiri, maisha yamekukubali, shemeji anakutunza. Ukipungua, minong'ono. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 na 1990 waliona UKIMWI ukiwakausha ndugu zao. Waganda waliuita Slim, sisi tukasema fulani kakanyaga miwaya. Ndiyo maana ukimwambia mama mtu mzima apunguze kilo anakutazama kana kwamba unamtakia msiba, na mimi simlaumu. Shida ni kwamba ukivuka geti la hospitali sifa ileile inageuka utani: "Mama, kitanda hicho kitakubeba?" Sifa zipo, utani upo, lakini namba haipo. Mimi nataka uzito wako uandikwe kwenye faili bila maneno, kama wanavyoandika joto la mwili.

Madaktari wenyewe walichelewa kuitazama namba hiyo. Juni 2009, mafua ya H1N1 yalipoanza kuenea duniani, hospitali ya chuo kikuu pale Ann Arbor, Michigan, ilipokea wagonjwa 10 mahututi waliohitaji mashine ya kupumulia. Kati yao 9 walikuwa wanene, na 7 kati ya hao walikuwa na BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ya 40 au zaidi. Watano walikutwa na damu iliyoganda kwenye mapafu. Watatu walifariki. Watu 10 hawathibitishi chochote, mtafiti yeyote atakwambia hivyo, ila utafiti wa milipuko mara nyingi unaanzia hapo: mtu wa wodini anaona jambo linajirudia, analiandika haraka, wengine wanaenda kuangalia kwao. Waliangalia, na jambo likawapo.

Ilipokuja korona, namba zikawa kubwa. Marekani walichambua wagonjwa wazima 148,494 wa hospitali 238 waliougua kati ya Machi na Desemba 2020. Asilimia 50.8 walikuwa na unene uliopitiliza, na wengine asilimia 28.3 walikuwa na uzito uliozidi. Usishtuke kupita kiasi, maana Marekani unene ni mwingi hata mitaani. Cha kuzingatia ni kwamba kadiri BMI ilivyopanda kutoka 30 kwenda juu, ndivyo hatari ya kulazwa na kufa ilivyopanda, na tofauti ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka 65. Yaani vijana wanene, wale wanaosema "mimi bado mdogo".

Sababu zinaeleweka. Mafuta ya tumboni yanausukuma juu ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hasa ukilala chali, hivyo mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka. Mafuta hayo hayakai kimya pia. Yanamwaga kemikali zinazouweka mwili katika uvimbe wa ndani wa muda wote, damu inakuwa rahisi kuganda, na kinga inachelewa kujipanga virusi vikiingia. Ongeza kisukari na presha, ambavyo huja mkono kwa mkono na kilo, utaona kwa nini bonge anaweza kuzidiwa ghafla.

Si kila ugonjwa uko hivyo, na tusidanganyane. Kifua kikuu kinawapata zaidi waliokonda. Lakini kisukari kinaongeza hatari ya kuugua TB takriban mara 3, kwa hiyo unene unaokulinda kwa mlango wa mbele unaweza kukuuza kwa mlango wa nyuma.

Sasa tuje kwenye mizani. Mama mmoja niliyekuwa namwandikisha aliigomea.

"Shikamoo mama. Naomba upande hapa tuchukue uzito."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ikivunjika mtanilipisha?"

Tulicheka wote, akapanda, mshale ukaenda mpaka mwisho, 120, ukagonga ukuta na kubaki hapo. Mizani nyingi za vituo vyetu zinaishia hapo au 150. Nimeona mafaili ya sehemu mbalimbali yakiandikwa 120 kwa mtu ambaye kwa macho tu unajua amevuka, na dawa zikakokotolewa kwa 120 hiyo. Kama mizani imeishia, waambie waandike hivyo: "mizani imeishia". Kisha tafuta mizani kubwa, hata ya ghalani inayopima magunia. Haina aibu yoyote. Weka kwenye simu yako kilo, urefu, presha ya kawaida, sukari, na majina ya dawa unazomeza, na umwoneshe ndugu yako mahali ulipoviandika. Siku ukizidiwa huongei wewe, anaongea yeye.

Kitu cha pili kinachonikera ni mkanda wa mashine ya presha. Unafungwa mkononi, unaanza kujaa upepo, gundi ya nyuzi inaachia, kraaa, unafumuka. Muuguzi anaufunga tena na kuushikilia kwa kiganja ili usifumuke. Hiyo namba itakayotoka usiiamini. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa presha ya juu kuliko iliyopo. Utafiti uliochapishwa Marekani 2023 ulionyesha kwamba wenye mikono inayohitaji mkanda mkubwa kabisa, wakipimwa kwa ule wa kawaida, namba ya juu inazidi kwa karibu 20. Hiyo inatosha kumwanzishia mtu dawa asizohitaji. Inatosha pia kumwondoa kwenye utafiti kwa kudhaniwa presha yake iko juu mno. Sema, "Naomba mkanda mkubwa." Kama hakuna, waandike kwamba umetumika mdogo.

Sindano nazo zina saizi. Chanjo ya msulini inatakiwa ifike msulini, na mkono wenye mafuta mengi unahitaji sindano ndefu kuliko ya kawaida. Uliza kabla haijachomwa.

Kipindupindu kina hila yake. Wanakufinya ngozi ya tumbo kuona inarudi taratibu kiasi gani, ili wajue maji yamepungua mwilini. Kwa mtoto mnene ngozi inaweza kurudi mara moja hata kama amekauka, na miongozo ya kutibu watoto inalisema hilo wazi. Kwa hiyo mtoto wako akiwa bonge na anaharisha maji, usitulie kwa sababu ngozi imerudi. Angalia macho yamezama, anakunywa kwa pupa au amelegea asitake kunywa, na mkojo umekatika tangu lini. Mishipa ya kuwekea dripu nayo ni ya kutafutwa kwetu sisi, kwa hiyo nenda mapema, kabla mishipa haijalala. Ushauri huu wa kwenda mapema unahusu karibu kila ugonjwa wa mlipuko: kwa mtu mnene, kusubiri "nione kesho" ni anasa. Homa ya mafua au korona ikikuanza na ukahisi pumzi fupi ukipanda ngazi ulizozizoea, usilale chali ukisubiri. Lala ubavu, au kifudifudi ukiweza, na mtu akupeleke ukapimwe oksijeni.

Mfano mwingine wa namna tulivyosahaulika ni ALU ya malaria, ingawa malaria hatuiiti mlipuko kwa kuwa tunaishi nayo. Jedwali la dozi linapanda kwa kilo, likifika 35 na kuendelea linasimama: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Binti wa kilo 45 na mimi hapa tunameza sawasawa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inakiri kuwa ushahidi kwa watu wazima wenye miili mikubwa ni haba, na inataka wafuatiliwe kwa karibu. Usijiongezee vidonge! Rudi ukapimwe kama homa haijaisha baada ya kumaliza dozi, na utaje uzito wako unaporudi.

Kwa nini ushahidi ni haba? Kwa sababu tafiti nyingi hazituchukui, au zinatuchukua wachache, au sisi wenyewe tunakimbia. Najua maneno ya mtaani: wanatufanya panya, damu inauzwa. Nimeshayajibu mpaka sauti imekauka. Nitataja machache yaliyopatikana kwa watu kukubali.

Uingereza, Machi 2020, walianzisha utafiti ulioitwa RECOVERY. Wagonjwa wa korona waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa dawa fulani, hawa matibabu ya kawaida. Mapema Juni walitangaza kuwa haidroksiklorokwini, iliyokuwa ikisifiwa dunia nzima, haisaidii waliolazwa. Tarehe 16 mwezi huohuo wakatangaza kuwa deksamethasoni, kidonge cha bei poa cha miaka mingi, kinapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine na kwa moja ya tano kwa wanaohitaji oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni, haikusaidia. Sisi huku tulijifukiza nyungu, na mimi nilijifukiza, sina ubaya nayo, ila hakuna aliyeigawa kwa bahati nasibu tukajua. Na deksa hiyohiyo wapo wanaoimeza ili wanenepe. Inapandisha sukari na kudhoofisha kinga. Mtu anajitafutia kwa pesa yake kilo na ugonjwa kwa pamoja.

Kivu Kaskazini, Kongo, kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, Ebola ikiwa imewaka na risasi zinalia, wagonjwa wa Beni, Butembo na maeneo ya jirani walikubali kushiriki utafiti wa dawa nne. Dawa mbili zilionyesha nafuu kubwa, vifo vikiwa karibu theluthi moja dhidi ya karibu nusu kwa dawa ya kulinganishia, na utafiti ukasimamishwa mapema ili kila mgonjwa apewe mojawapo ya hizo mbili. Moja ya hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola iliyolipuka mji wa Kikwit, Kongo hiyohiyo, 1995.

Kuna uliotuhusu sisi moja kwa moja, SELECT. Ulianza 2018, nchi 41, watu 17,604 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo, wakichomwa semaglutaidi, dawa ya sindano inayopunguza mwili, au maji tu kila wiki. Lengo lilikuwa moyo. Korona ikawakuta katikati. Idadi ya walioambukizwa haikutofautiana, lakini waliokufa kwa korona walikuwa 43 kwa waliopata dawa na 65 kwa wasiopata. Utafiti haukupangwa kujibu swali hilo, kwa hiyo tuuchukue kwa tahadhari, na tafadhali usinunue sindano za kupunguza mwili zinazouzwa Instagram. Ila umefungua swali ambalo sisi mabonge tungepaswa kulidai lijibiwe hapa kwetu, kwa miili yetu na chakula chetu.

Chanjo nazo zinahitaji macho hayo. Chuo Kikuu cha North Carolina waliwafuatilia watu waliochanjwa mafua: kingamwili kwenye damu zilifanana, lakini wanene waliugua mara 2 zaidi. Managua, Nicaragua, watu wazima wanene wenye dalili walikutwa wakitoa virusi vya mafua ya aina A kwa muda mrefu zaidi kwa asilimia 42 kuliko wengine. Mimi nachanjwa, na nikiugua nakaa mbali na bibi na watoto siku kadhaa zaidi hata nikijisikia nimepona.

Ukialikwa kwenye utafiti, usiulize kwanza nauli. Uliza kama umepita kamati ya maadili, na kwa Tanzania bara utaje NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama ni dawa au chanjo, uulize kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa. Uliza watu wa kilo zako wamo wangapi. Uliza dozi inapangwa kwa uzito au ni moja kwa wote. Uliza ukidhurika nani anatibu, na ukijitoa katikati kama matibabu yako ya kawaida yatabaki palepale, maana yanapaswa kubaki. Kama husomi, lazima awepo shahidi asiyekuwa wa timu yetu kabla hujaweka dole gumba. Chukua nakala ya fomu nyumbani, mpe kijana wako aisome kwa sauti, ulale nayo usiku mmoja. Muuguzi anayekuharakisha usaini papo hapo, mwache na kalamu yake.

Na majibu ya utafiti ni haki yako kuyasikia. Mwambie anayekuandikisha aandike kwenye faili kwamba umeomba uitwe yakitoka, na namba ya simu ya ndugu wa pili, kwa sababu laini zetu hizi tunabadilisha kila kukicha.