Kabla hamjanunua vitanda

Mkuu, umeuliza kikundi chenu kianzie wapi ili mfungue hosteli ya watoto wa familia zisizojiweza, na waliotangulia kukujibu wamekupa ramani, vitanda na idadi ya vyoo. Mimi nimelala hosteli ya namna hiyo miaka minne nikiwa mtoto, na ukubwani nikawa mlezi kwenye nyingine kwa miaka sita. Ningeanza na nauli.

Nauli ya kumrudisha mtoto kwao kila likizo. Isipoingia kwenye bajeti siku ya kwanza haitaingia tena, maana mfadhili hupenda kuonyeshwa jengo, si tiketi ya basi. Mimi nilikaa mwaka na nusu bila kufika nyumbani. Siku niliyofika, mama akanikaribisha kiti. Mtoto wa nyumbani hakaribishwi kiti.

Ndiyo maana napenda ile Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani ya mtoto asiyekaa na wazazi wake, inayosema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Kama shule ipo jirani na tatizo ni sare na madaftari, nunueni sare na madaftari, mtoto alale kwao. Hosteli ni ya yule ambaye bila hiyo hasomi kabisa.

Halafu mlezi wa usiku. Hapa ndipo hosteli nyingi huharibika, kwa sababu anachukuliwa yeyote mwenye shida ya kazi. Wiki mbili za mwanzo watoto hulia chini ya shuka, na wengine walioacha kukojoa kitandani zamani huanza upya. Nilikosomea, mlezi alimbebesha mwenzetu godoro lake lililolowa akalizungusha uwanjani, sote tukitazama. Mwenzetu huyo hakumaliza muhula. Nilipokuwa mlezi nilivisha magodoro yote mfuko wa plastiki, ya wote ili asijulikane mtu, na nikawa naamka saa nane usiku kuwaamsha wachache kwa kuwagusa bega. Shuka zikilowa, zinabadilishwa kabla wengine hawajafumbua macho. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilikuwa nalikumbuka lile godoro.

Jioni, kukaa mezani na daftari kunasaidia tu kama yupo mtu wa kumuuliza. Tulikuwa na taa nzuri na kimya kizuri, na hesabu hatukuzijua. Mkipata wanafunzi wakubwa wawili watatu wa kuwaelekeza wadogo, inatosha kuanzia.

Kufuli: mlango wa bweni usifungwe kwa nje usiku, na madirisha yasiwe na nondo zisizofunguka. Shule ya sekondari ya Kyanguli, Kenya, Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Najua mtasema mnaogopa wezi. Wekeni mlinzi.

Picha za wageni na watoto wameshika mabango ya shukrani, mimi nilizikataa na tukakosana na watu. Sijutii.

Sasa, kama fedha zenu zinatosha watoto 40 bila mlezi wa usiku, pokeeni 20 na muajiri walezi wawili, na upande wa wasichana alale mwanamke. Ila kuna jambo hukulitaja: shule watakayosoma hao watoto iko umbali gani kutoka makwao?