Soma Bei Kabla ya Kusoma Timu

Swali la wiki iliyopita lilitaka kujua kama mtu anaweza kubeti mpira kwa akili, au kama yote ni bahati tu. Ninafundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Morogoro, na wengi wanaoniletea mikeka yao, yaani tiketi za kubeti zenye mechi kadhaa, niikague wanaujua mpira kuliko mimi. Jibu langu ni kwamba akili ina nafasi yake, ila wengi huielekeza kusikofaa: wiki nzima hupita wakichambua timu, na bei waliyouziwa hawaitazami hata kidogo.

Odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, ni bei. Ukigawa 1 kwa odi, unapata uwezekano ambao kampuni imeufungia ndani yake. Odi ya 1.40 ni sawa na takribani asilimia 71, yaani hata timu ambayo kijiweni inaitwa ya uhakika inatarajiwa kukosa ushindi katika mechi karibu tatu kati ya kumi. Sasa chukua mechi iliyowekewa 2.10 kwa mwenyeji, 3.30 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Ukizigeuza zote tatu kuwa asilimia kisha ukazijumlisha, hupati 100 bali 107 na ushee. Hizo saba zilizozidi ndizo riziki ya kampuni, nazo zimo ndani ya bei awe nani atakayeshinda.

Katika mechi moja makato hayo yanavumilika, lakini katika mkeka mrefu yanazidishwa kwa yenyewe. Tuseme mechi kumi, kila moja ikiwa na odi ya 1.90 kwa mabao zaidi ya 2.5 (yaani matatu au zaidi) na 1.90 kwa mabao pungufu, maana yake uwezekano ni nusu kwa nusu na bei ya haki ingekuwa 2.00. Ukizidisha 1.90 mara kumi unapata takribani 613, ukizidisha 2.00 mara kumi unapata 1,024. Kwa dau la shilingi 1,000, mtu anaahidiwa shilingi 613,000 kwa jambo ambalo malipo yake ya haki ni 1,024,000, na shilingi 411,000 zimeshakatwa kabla ya filimbi ya kwanza, bila kuhesabu kodi inayotozwa kwenye ushindi. Ndiyo maana sishangai kuona bonasi zikitangazwa kwa wenye mikeka mirefu badala ya wenye mechi moja.

Kuna hesabu nyingine katika mkeka huohuo ambayo wanafunzi wangu huikataa mpaka niiandike ubaoni. Kupatia mechi tisa na kukosa moja kunaweza kutokea kwa njia kumi, kwa sababu mechi yoyote kati ya hizo kumi inaweza kuwa ndiyo iliyokuangusha, ilhali kupatia zote kuna njia moja tu. Kwa hiyo mkeka kuchanika kwa mechi moja ni jambo linalotarajiwa mara kumi zaidi ya mkeka kutiki wote. Kijana anayeonyesha simu yake kwa kinyozi na kulalamika kwamba ni bao la dakika ya 90 lililomnyima hela anaamini kuwa ameanza kukaribia, na wiki inayofuata huongeza dau. Hajakaribia chochote, ameona tu tukio la kawaida la mchezo anaoucheza.

Sisemi kwamba kuujua mpira hakufai. Kunafaa pale unapojua kitu ambacho bei haijakimeza, na katika ligi kubwa za Ulaya nafasi hiyo ni finyu, kwa sababu habari za majeruhi humfikia anayepanga bei mapema kuliko zinavyotufikia sisi. Anayefunga mkeka Ijumaa usiku kwa mechi ya Jumapili amenunua bila kuona kikosi, ambacho kwa kawaida hutangazwa takribani saa moja kabla ya mechi. Vilevile neno "nyumbani" lichunguzwe. Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, iliporejea Mei 2020 bila mashabiki viwanjani, ushindi wa wenyeji ulipungua waziwazi. Na Simba na Yanga wanapokutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, ugeni wa mmoja wao upo kwenye ratiba tu. Kuhusu mechi hiyo ningeshauri shabiki asibeti kabisa: aliyeweka hela yake kwa Simba tarehe 5 Novemba 2023, siku ambayo Yanga walishinda 5–1, huenda alinunua mapenzi yake mwenyewe kwa bei ya kampuni.

Wauzaji wa mechi zinazodaiwa kupangwa nitawataja kwa kifupi. Mtu mwenye namba za watu 800 anaweza kuwatumia 400 kwamba timu fulani itashinda na 400 wengine kwamba haitashinda. Wale aliowakosea anaachana nao, waliobaki anawagawa tena, na baada ya mechi tatu anao watu 100 walio tayari kuapa kwamba hajawahi kukosea. Hao ndio anaowatoza.

Mwenye nia ya kufuata njia ya akili ningemshauri aandike asilimia yake mwenyewe kabla ya kufungua odi. Akiona mwenyeji ana asilimia 50 na odi ikawa 2.30, yaani takribani 43, ana sababu ya kuweka dau, akikuta 1.80, mechi aiache hata kama anaamini timu itashinda. Dau liwe lilelile kila mara, litoke kwenye hela ambayo si ya kodi ya nyumba wala ada, na kila tiketi iandikwe daftarini, zilizochanika zikiwemo.

Haya yote yanahusu mpira unaochezwa na watu. Ile michezo ya kompyuta inayorudiwa kila baada ya dakika chache, ambayo wengi huigeukia usiku ili kurudisha hela ya mchana, haina kikosi wala majeruhi wala kocha, na matokeo yake hutolewa na programu iliyopangiwa faida ya mwenye mtambo. Humo sijaona akili ingeshika wapi.