Jibu: Vitabu vya kale vya Kiingereza na madaftari ya familia

Mkuu umeuliza kama mtu wa kawaida anaruhusiwa kushika vile vitabu vya Kiingereza vya miaka ya 1600, na kwa nini maktaba zinahangaika na madaftari ya mapishi ya familia. Maktaba nyingi ukiwa na sababu wanakuruhusu, na zile glavu nyeupe za kwenye sinema sahau, kwa karatasi wanataka mikono safi mikavu tu maana ukivaa glavu huisikii karatasi unajikuta ushaichana. Penseli ruksa, peni unaiacha nje. Cha ajabu karatasi ya enzi hizo ni ngumu kuliko ya mwishoni mwa miaka ya 1800, ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, hii ya mbao ndo inageuka njano na kumeguka kama chapati ya juzi.

Cheki maktaba ya Folger kule Washington, Marekani, wana nakala 82 za Folio ya Kwanza ya 1623, yaani ule mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare, watu wote wanakimbilia hapo. Mi utamu nauona kwenye yale madaftari ya mapishi, mama anaandika, binti anarithi anaendeleza kwa mwandiko wake, juu keki chini dawa ya kikohozi, pengine mstari umekatwa, nadhani dawa iligoma hiyo. Kitabu cha kuchapwa mara nyingi kina ndugu zake sehemu nyingine, daftari likiungua ndo basi tena.

Shughuli iko kwenye kusoma, s inafanana na f, u na v zinabadilishana. Anza na picha za Folger mtandaoni, bure kabisa, viza ya nini.