Kabla Hujapanda Alizeti ya Oleiki ya Juu, Ongea Kwanza na Jirani

Msimu wa tatu tangu nifunge mashine yangu ndogo ya kukamua hapa Singida, nilipata mteja anayekaanga krispi na karanga za kuuza. Alitaka mafuta ya alizeti yenye asidi ya oleiki, mojawapo ya asidi zinazounda mafuta, isiyopungua asilimia 75, na bei aliyotaja ilikuwa nzuri. Nikanunua mbegu chotara zilizothibitishwa, nikapanda, mafuta yakapimwa maabara: 84. Msimu uliofuata nikafanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Nilichagua vichwa vikubwa kutoka shambani kwangu, nikapura, nikatunza mbegu na kuzipanda. Kipimo kikarudi 63. Mteja akayakataa madumu yote, na nilimwelewa.

Ilinichukua muda kujua kilichotokea. Mbegu ya alizeti inapojaa hutengeneza kwanza oleiki, kisha kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ndani ya mbegu) kiitwacho FAD2 huigeuza sehemu kubwa kuwa linoleiki, asidi nyingine ya mafuta. Ndiyo maana alizeti ya kawaida, kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, ina oleiki kati ya asilimia 14 na 39.4 tu. Mwaka 1976 mtafiti Soldatov wa Krasnodar, katika Urusi ya Kisovieti, alitangaza aina aliyoipata baada ya kuzitia mbegu kemikali ya kubadili vinasaba. Aliiita Pervenets. Ndani yake sehemu ya jeni la FAD2 imejirudufu, na nakala hiyo ya ziada inalinyamazisha jeni lenyewe wakati mbegu inajaa. Kimeng'enya kinakuwa kichache, oleiki inabaki ilivyo. Alizeti nyingi za oleiki ya juu zinazolimwa duniani zimeurithi ukimya huo.

Sasa tuje kwenye kosa langu. Karibu mafuta yote ya alizeti yamo ndani ya kiini, na kiini ni mtoto: nusu ya urithi wake ni ya mama, nusu ni ya chavua. Majirani zangu pande tatu walikuwa wamepanda Record, ile alizeti ya kawaida ya tangu enzi za wazee wetu. Nyuki walitoka kwao wakaja kwangu. Mbegu nyingi nilizotunza zilikuwa tayari zimechanganya urithi, na nilipozipanda ukagawanyika zaidi. Hata mbegu za kichwa kimoja zinaweza kutofautiana mafuta. Ukizitazama huoni kitu. Ganda ni lile lile, na ukiitafuna ladha haikwambii asilimia.

Wataalamu walilijua hili mapema. Kanada, mwaka 1963, Downey na Harvey walieleza jinsi ya kukata kipande cha mbegu moja ya rapa, mmea mwingine wa mafuta, kupima mafuta yake, kisha kuotesha kipande kilichobaki. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama kidogo. Wao walipima punje moja moja, mimi niliamini gunia zima kwa kulitazama.

Kwa hiyo nunua mbegu mpya kila msimu, na umwombe muuzaji karatasi ya kipimo cha oleiki. Akikujibu kwamba mbegu yake “ina mafuta mengi”, hajakujibu. Wingi wa mafuta na aina ya mafuta ni mambo mawili. Pia usidanganywe na msimu wa joto: alizeti ya kawaida ikijaa mbegu wakati wa joto kali, oleiki yake hupanda, kisha mwaka wa ubaridi inashuka tena.

La jirani ndilo gumu. Nilimwendea mzee tunayepakana naye, nikamwamkia, nikamweleza yote na kumwomba naye apande mbegu kama yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Mwanangu, mbegu yako ni ghali. Nikiipanda, gunia langu utalinunua kwa bei ya huyo mteja wako?” Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Tukaandikishana, na wengine wawili wakafuata. Bila makubaliano ya namna hiyo nisingekushauri uanze.

Na kama unakamua na kuuza ndani ya wiki chache kwa watu wa kupikia nyumbani, baki na alizeti ya kawaida. Linoleiki ni asidi ambayo mwili unaihitaji na hauwezi kuitengeneza. Faida ya oleiki iko kwenye kukaangia na kuhifadhi: linoleiki huungana na hewa kwa kasi zaidi ya mara kumi ya oleiki, ndipo mafuta yanapochacha.

Siku hizi madumu ya Record nayafunga vifuniko vyekundu, ya oleiki vya njano. Kabla ya kumkamulia mteja napitisha kwanza kilo kadhaa za alizeti yake ili zisukume mashudu ya zamani yaliyobaki kwenye skrubu, na mafuta hayo ya mwanzo tunapikia nyumbani.