Jibu: Mnara wa Bagamoyo na lipu ya saruji

Ndugu, umeuliza kama ule mnara wa misheni Bagamoyo ndio kanisa lenyewe, na kama kanisa la kigango chenu, la matumbawe, lipigwe lipu ya saruji. Mnara ni mabaki ya kanisa la kwanza la Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni 1868. Mwili wa mpelelezi Livingstone, uliobebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi, ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kanisa kubwa la jirani ni la baadaye.

Saruji hapana! Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, lipu inavimba na kubanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Tafuteni fundi wa chokaa, ila kwanza zibeni paa linalovuja.