Dereva alikuwa amelewa, sawa. Lakini ulevi wake ndio uliomvunja abiria mguu?

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Dereva wa daladala amelewa, amesimama kwenye taa nyekundu kama inavyotakiwa, lori linakuja kwa nyuma linamgonga, abiria anavunjika mguu. Abiria amdai nani? Ukaandika kurasa tatu juu ya ulevi wa dereva, ukapata 4 kati ya 20. Unadhani umeonewa. Hukuonewa, na nitakueleza kwa nini, maana kosa hilo nililifanya mwenyewe, tena si darasani tu.

Nikiwa mwaka wa pili, baba yangu mdogo, fundi cherehani, alikuwa anapita kando ya ghorofa linalojengwa. Ubao ukaanguka ukamvunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Mkandarasi akamwambia: "Mzee, sisi na wewe hatuna mkataba." Nyumbani wote wakanyamaza, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Hapo ndipo sheria ya madhara, yaani ya kumdai fidia aliyekuumiza, inapoanzia. Haihitaji mkataba. Kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson mnayokaririshwa ilianzia Paisley, Uskoti, mwaka 1928. Mama Donoghue alinunuliwa kinywaji na rafiki yake, kwa hiyo hakuwa na mkataba hata na mwenye mgahawa, sembuse Stevenson, mtengenezaji. Alidai kwamba ndani ya chupa, ambayo kioo chake hakionyeshi ndani, kulikuwa na konokono aliyeoza. Mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji wa mwisho. Jaji Atkin aliuliza: jirani yangu kisheria ni nani? Ni yule ambaye ningepaswa kumfikiria kwamba kitendo changu kinaweza kumdhuru. Anayejenga juu ya njia ya watu, mpita njia ni jirani yake.

(Wengi hawalioni hili: Tanzania Bara tulipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Uamuzi wa 1932 ulikuja baadaye, kwa hiyo kwetu unashawishi mahakama, hauzifungi. Ukiliandika hilo kwenye mtihani, msahihishaji atajua umesoma.)

Wajibu upo, umekiukwa. Wanafunzi wengi huishia hapo, nami niliishia hapo. Nilimwandikia baba mdogo barua ya madai iliyojaa uzembe mtupu: hakuna wavu, hakuna uzio, hakuna bango. Wakili wa upande wa pili hakubishana na hata moja. Aliuliza swali moja tu: vidole hivi havikuwa na ganzi kabla? Kweli vilikuwa nayo, baba mdogo ana kisukari. Ghafla kesi haikuwa tena juu ya ubao, ikawa juu ya chanzo. Ilibidi daktari aeleze kwa maandishi kipi kilitokana na mvunjiko na kipi kilikuwepo tangu zamani.

Kuna kesi ya London inayofundisha hili kuliko zote, ya Barnett, iliyoripotiwa 1968. Walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali. Daktari hakuwaona, akaagiza warudi nyumbani. Mmoja akafa; chai ilikuwa na aseniki. Uzembe wa daktari ulikuwa wazi. Mjane alishindwa, kwa sababu hata angetibiwa mara moja, marehemu asingepona. Inauma kuisoma, lakini ndiyo kanuni: uondoe uzembe kwenye hadithi, kisha uone kama madhara yanaondoka nao.

Rudi sasa kwa dereva wako. Mwondolee ulevi. Yuko palepale kwenye taa, lori linamgonga vilevile, mguu unavunjika vilevile. Ulevi ni kosa la jinai na ashtakiwe kwa hilo, ila fidia ya mguu inatoka kwa dereva wa lori na, kama alikuwa kazini, kwa mwajiri wake pia. Sisi pia tulimdai mkandarasi, hatukumfuata kibarua aliyedondosha ubao.

Kuhusu fidia, tofautisha ya jumla na ile mahsusi. Ya jumla ni kama maumivu, hakimu huyapima mwenyewe. Mahsusi ni dawa, nauli na kipato kilichopotea: lazima uvitaje kwa hesabu kwenye hati ya madai na uvithibitishe. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992. Sisi tulikuwa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na risiti nne. Nauli za bodaboda za miezi mitano, hatukupewa hata shilingi. Tena tulifungua kesi tukiwa tumebakiza wiki chache, kwa kuwa ukomo wa madai haya ni miaka mitatu na familia ilitumia zaidi ya miwili kwenye vikao vya kuombana radhi. Bado naumia nikikumbuka zile risiti za nauli, mama mdogo alizitupa akifagia.

Liandike upya jibu lako kwa mpangilio huu: wajibu, ukiukaji, chanzo, madhara. Kwenye chanzo kaa muda mrefu zaidi. Ukimaliza libandike hapa, nitalisoma lote.