Nyongo ya mamba: niliyoyaona kwenye bonde la Ruvuma

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo mawili: kama ni kweli nyongo ya mamba ni sumu ya kuua, kwa kuwa mamba aliyeuawa kijijini kwenu alipasuliwa hadharani na nyongo yake ikateketezwa mbele ya viongozi, na kama si bora mamba wote wa mtoni wamalizwe. Nimezaliwa upande wa Mahurunga, Mtwara, na nimevua samaki katika mto Ruvuma kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona na machache niliyoyasoma.

Uteketezaji huo niliushuhudia nikiwa kijana. Askari wa wanyamapori walikuwa wamempiga risasi mamba aliyemjeruhi mama mmoja, na mzoga ukaburutwa hadi kwenye fungu la mchanga. Tumboni mlitoka mawe, mabaki ya kambare na kwato moja ya mbuzi, lakini hakuna aliyejali hayo. Macho yote yalikuwa kwenye kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini. Mzee aliyekikata alijifunga mifuko ya nailoni mikononi, na wenzake wawili walisimama kando kama mashahidi. Kisu kikateleza, kifuko kikatoboka, matone yakaangukia jani la mgomba, na kabla mtu hajatamka neno mbwa akaja akalilamba. Watu walirudi nyuma wakingoja aanguke. Mbwa yule alitufuata hadi nyumbani, na miezi kadhaa baadaye nilimkuta akiiba dagaa kwenye kichanja chetu.

Najua kwamba mbwa mmoja si utafiti. Basi chukua tukio la Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, ambako Januari 2015 watu 75 walifariki dunia baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyohusiana na msiba. Siku za mwanzo habari zote zilikuwa za nyongo ya mamba, kwamba kuna mkono wa mtu ulioitia kwenye pombe. Vipimo vya maabara vilikuja kuonyesha asidi ya bongkreki, ambayo ni sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na shaka ikaelekea kwenye unga wa mahindi ulioharibika uliotumika kuipikia. Mama aliyeipika pombe hiyo naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kazi ya nyongo ya mamba ni ile ile ya nyongo ya ng'ombe, yaani kusaidia kumeng'enya mafuta. Kama kuna kitu cha kustaajabisha ndani ya mamba, ni asidi ya tumbo lake. Moyo wake una vyumba vinne kama wetu, lakini una njia ya ziada inayowezesha damu yenye hewaukaa nyingi kukwepa mapafu na kuelekea tumboni, na baadhi ya wataalamu wanaeleza kwamba damu hiyo humsaidia kutengeneza asidi kali inayoyeyusha hata mifupa. Sisemi mtu aionje nyongo, maana uchafu wa mzoga peke yake unatosha kumlaza mtu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mjomba wangu aliwahi kumuua mamba aliyenasa kwenye wavu wake, na mwaka uliofuata, jirani alipofariki ghafla baada ya kunywa pombe, vidole vyote vilimwelekea yeye. Hakuna aliyeuliza unga wa pombe ile ulitoka wapi. Mjomba alihamia Lindi na hakurudi tena kuvua Ruvuma.

Kuhusu kuwamaliza, kwanza mamba analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na anayemuua kwa kujihami anatakiwa kutoa taarifa. Pili, mto huu ni mpaka; hata tukimaliza walio upande wetu, wa ng'ambo wataogelea kuja. Jike hutaga mayai kama 50 mchangani wakati wa kiangazi, akakaa karibu kuyalinda kwa takriban miezi mitatu, na joto la kiota ndilo linaloamua kama watatoka madume au majike. Watoto hulia wakiwa bado ndani ya yai, naye hufukua na kuwabeba mdomoni hadi majini. Kipindi hicho usiende kukata matete karibu na kiota, kwani hapo hata mamba asiye na njaa hushambulia. Mayai mengi huliwa na kenge, na wanaoanguliwa wengi hawafiki utu uzima.

Mashambulizi ninayoyakumbuka yalitokea pale pale watu walipozoea kuchota maji, tena asubuhi na jioni. Mamba hujifunza saa zetu. Hujizamisha akaacha macho na pua tu, akasubiri ndoo iinamishwe. Sisi tulijenga kizimba cha mianzi kinachoingia majini hadi kina cha kiuno, kilichofumwa bila kuacha nafasi ya kupita kichwa cha mamba, na kina mama huchota wakiwa ndani yake. Sehemu ya kuangalia zaidi ni ile iliyozama, kwa sababu huoza bila kuonekana, na mafuriko ya masika huing'oa. Kwa hiyo kila maji yanapopungua tunaipapasa kwa mti mrefu kutoka kwenye mtumbwi, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuingia na ndoo.